Uzi wa Wakili

Nilishika mkasi.

Mahakama ya London ilikuwa imeamuru mzee huyu, aliyekaa mbele yangu kapakata kofia, arudishiwe na kaka yake fidla ya marehemu baba yao. Fidla yenyewe, si thamani yake. Ndivyo nilivyotafsiri kwa Kiukraine, ili mahakama ya hapa iitekeleze amri hiyo.

Bi Orysia, mwenye ofisi yetu hapa Lviv, akabadilisha maneno yangu bila kuniuliza. Kwake yeye, kila amri ya Waingereza ni “fidia”. Nami, mjinga, nikatia saini mbele ya wakili anayethibitisha tafsiri, bila kusoma tena.

“Acha ujuaji, binti!” alifoka. “Wakili ameshaishona tafsiri na hukumu pamoja, ameshagonga muhuri. Ukikata huo uzi, hizo karatasi ni takataka, na mzee wa watu anaanza foleni upya!”

“Nisipokata, kaka yake atamtupia noti, na fidla abaki nayo!”

Uzi ulipita kwenye matundu matatu ya karatasi, fundo lake limefunikwa na muhuri mwekundu. Chini ya muhuri, saini yangu.

Mzee aliweka kofia mezani, akapenyeza ukucha chini ya uzi, akauinua ili mkasi upate pa kupita.