Stima Haina Upande

Jitu la mlimani liliinua rungu, Purity akabonyeza vitufe kwa vidole vyote, na stima ikapotea.

"Tena!" Kiogora aliruka kutoka kwenye kochi. "Mara ya tatu leo!"

Televisheni ilikuwa nyeusi ti. Ndani ya gemu, shujaa wa Purity alikuwa amebakiwa na tone moja la damu. Pigo moja zaidi angekufa, na Krismasi ingeliwa Kangeta, kwa kina Kiogora.

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Tangu waoane walikuwa wamekula Krismasi mbili, zote Kangeta. Purity alitaka ya tatu iwe Runyenjes kwa wazazi wake, ambao hawajawahi kumpikia mkwe wao sikukuu hata moja. Walibishana wiki nzima pale nyumbani kwao Majimbo, mpaka Kiogora akasema basi, gemu iamue. Purity akiliua jitu, Runyenjes. Shujaa wake akifa, Kangeta.

Sheria aliiweka Kiogora mwenyewe.

"Hakuna kurudia pale uliposevu. Ukikufa, umekufa. Hata duniani hakuna kurudia."

"Na wewe juzi ulipouawa na mbuzi ukarudia?"

"Paka alinirukia. Hiyo ilikuwa ajali."

"Na kidole kikiteleza?"

"Kidole ni chako." Kiogora alifikiri kidogo, maana alijiona mtu wa haki. "Stima ikipotea, hapo unaweza kurudia. Stima haina upande."

Mama yake Kiogora, aliyekuja kutibiwa goti, alikuwa jikoni akichagua maharagwe ya njahi. "Watu wazima," alisikika akinung'unika, "wanapigana na jitu la televisheni!"

Asubuhi alikuwa amemuuliza mwanawe, "Krismasi iliyopita tulikuwa watu wangapi?"

"Ishirini na watatu, Mama."

"Ishirini na watatu," alirudia, akashusha pumzi ndefu.

Kiogora aliguswa moyo. Mama huyu alikuwa anahesabu siku. Hangeweza kumwangusha.

Stima ilirudi baada ya dakika mbili. Purity akaanza upya chini ya mlima, akapanda, akalikata jitu mguu mmoja. Likamzungushia rungu. Damu ikashuka, ikashuka, ikabaki tone.

Stima ikapotea.

Safari hii Kiogora hakupiga kelele. Alitega sikio. Nyumba ya pili, redio ya Muchangi ilikuwa ikiendelea kuimba kama kawaida.

"Kwa Muchangi stima iko," alisema polepole. "Na juzi tu nimeweka tokeni za stima. Purity, hii kitu unaijua."

"Mikono yangu si hii hapa?" Purity aliinyoosha yote miwili. "Unaniita mwizi, Kiogora? Kwa nyumba yangu?" Machozi yalimlengalenga. "Sawa. Ikirudi nitasimama mbele ya jitu liniue. Twende Kangeta. Sitaki Krismasi ya kusingiziwa."

Kiogora alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua mkewe hadanganyi. Hata chenji ya nauli ikizidi shilingi kumi huirudisha. Akavua viatu, akanyata kwenye korido nyembamba hadi jikoni kuangalia swichi.

Sinia la njahi lilikuwa mezani, halina mtu.

Nyuma ya mlango, palipokuwa na swichi kubwa ya nyumba nzima, mama yake alikuwa amesimama juu ya mkebe wa rangi. Mkono mmoja ulishika ukuta, mwingine ulikuwa kwenye swichi, na sikio lilielekea sebuleni.

"Mama! Goti!"

"Shh. Amekufa?"

"Hajafa. Lakini Mama, si unajua huyu asipokufa hatuji Kangeta? Tutaenda Runyenjes!"

"Najua." Mama alimtazama kutoka kule juu bila haya hata kidogo. "Kila Krismasi nyinyi mnakula nyama, mimi nakula moshi. Watu ishirini na watatu, na hakuna hata mmoja anayejua sufuria inaoshwa wapi. Nilishaongea na mama yake Purity, amenitengea kiti. Rudi huko umwambie bibi yako asikate tamaa. Mimi bado nimesimama."