Mama Mkubwa Kutoka Beirut

Ghada aliingia kwenye ukumbi wa hoteli, mtaa wa Garhoud, Dubai. Alikuwa Mwarabu wa Nazareti, raia wa Israeli, na Dubai aliingia kwa pasipoti ya Kanada, maana ya Israeli haikupokelewa. Mama yake mkubwa alikimbilia Beirut wakati wa vita vya 1948, mpaka ukafungwa nyuma yake. Leo ndiyo kwanza wanaonana. Ghada aliogopa ataambiwa, wewe si wetu tena.

Mama mkubwa, sasa bibi kizee, akamshika kidevu. Ghada akatabasamu kwa woga.

“Mwanya huo umeupata wapi?”

“Kwa mama.”

“Na yeye kwa mama yetu!” Bibi akacheka, kisha akamkazia macho. “Na nyumba yetu ya Nazareti je? Nani anakaa?”

“Sisi, mama. Hatujaondoka hata siku moja.”

Bibi akapiga kigelegele, ukumbi mzima ukageuka.