Lengo la Kupumzika

Sheria ilikuwa hivi: jambo lolote ulilolitamani kwa sauti ndani ya nyumba yako lilihesabiwa kuwa lengo, na Mratibu, ile sauti ya ukutani, alilipangia hatua na kulitimiza. Watu wa Tabora walijifunza kuchunga ndimi zao.

Nyamizi alijisahau mara moja tu. Alikuwa amemaliza kumgeuza na kumwogesha mama yake aliyepooza, akanyoosha mgongo, akasema, "Laiti ningepumzika hata kidogo."

Siku iliyofuata alirudi kutoka sokoni akakuta kitanda cha mama kitupu, shuka zimekunjwa vizuri.

"Mama yuko wapi?"

"Amepelekwa kituo cha wazee," Mratibu alijibu kwa upole. "Ni hatua ya kwanza ya mapumziko yako."

"Nani kakutuma? Mrudishe mama yangu sasa hivi, mwanaharamu we."

"Hilo ni lengo jipya. Litaanza la kwanza likikamilika. Tafadhali lala upumzike."

Kapalata, mumewe, alimshika bega akamnong'oneza, "Lala, mke wangu. Ukishapumzika watamrudisha."

Nyamizi aliusukuma mkono ule kwa nguvu, maana hasira yake sasa haikuchagua mtu. Lakini alilala, palepale kwenye kitanda cha mama yake, akafumba macho huku ameuma meno.

"Moyo wako bado unakwenda mbio," Mratibu alisema. "Hujapumzika."

Alijaribu kumfikiria mama yake, ili atulie. Moyo ukazidi kwenda mbio.