Makali

Odile alikuwa akinoa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni, kwenye uwanja wa barafu wa Trois-Rivières, Kanada, msichana alipoweka viatu vyake mezani. Huyu ndiye aliyechukua nafasi yake. Ndiye aliyekuwa akinyanyuliwa sasa na mwanamume aliyecheza dansi ya barafuni na Odile miaka tisa.

"Dada, anasema hakuna anayenoa kama wewe."

"Anasema mengi."

Odile alipitisha chuma kwenye jiwe la mashine, akapima makali kwa ukucha. Ndani ya kiatu, joto la mguu lilikuwa halijapoa. Akaona wivu.

Msichana akashusha sauti. "Wewe alikuwa anakuangusha? Jana aliniachia nikiwa juu, mara mbili. Anasema kosa langu, nimenenepa."

Odile aliyajua maneno hayo. Aliambiwa hayo hayo akiwa hospitali, goti limefungwa kwa skrubu nne, baada ya mikono ile ile kumwachia.

Alimtazama msichana: miguu mizima, mashavu mekundu kwa baridi, saa moja tu kabla ya kurudi mikononi mwa yule mwanamume.

"Mimi?" akasema, akimkabidhi viatu. "Hajaniangusha hata siku moja."