Kifungu cha Waliozama

Kandambili ya kwanza ilimpata Amur begani. Ya pili ilipita juu ya kichwa chake ikaangukia meza ya wageni kutoka wizarani.

"Tulieni!" Adélaïde, aliyewaongoza wageni hao, alisema akiisukuma chini kwa kalamu. "Nimekuja kuchukua maoni, sikuja kuchukua viatu."

Hakuna aliyecheka. Ukumbi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ulijaa akina mama waliojitanda vitenge hadi kwenye nyusi, na nyuma yao mafundi wa gereji waliosimama wakinuka grisi.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nane. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikuwa zikiandaa sheria moja ya vyombo vya majini, na kila nchi ilitakiwa kuwauliza watu wake: chombo kikizama, nani awajibike? Kwa Buyenzi hilo halikuwa swali la vitabuni. Mwezi uliopita boti ya Amur ilikuwa imeondoka kuelekea Kigoma, imejaa vijana wa mtaa huo walioalikwa arusini. Habari zikarudi kwamba imezama.

Amur alikaa peke yake mbele, kwenye benchi ambalo hakuna aliyetaka kulikalia pamoja naye. Babu yake alikuja Bujumbura na majora ya vitambaa, na ukoo ule haujaacha kuuza wala kusafirisha tangu hapo. Sasa alikuwa amebakiza boti moja tu.

"Bwana Amur, una la kujitetea?" Adélaïde aliuliza.

"Sina, madamu. Boti ilikuwa yangu. Nilipakia kupita kiasi."

"Mumusikilize!" Mwanamwema, muuza sambusa, aliruka kutoka kwenye kiti. Muadh na Nawal, watoto wake wakubwa, walikuwa kwenye boti ile. "Eti kupita kiasi! Kama vile anasema chumvi kwenye mboga. We Amur, we ni mutu ao fisi?"

"Fisi anakula mumoja mumoja," sauti ya nyuma ilimjibu.

Adélaïde aliandika. Kando yake mwanamume mwenye shati la kiraia aliinua kidole. Hakuna aliyekuwa amemtambulisha, na hakuna ambaye hakumjua. Alikuwa Astère, wa upelelezi.

"Mimi naomba kifungu kiongezwe," alisema polepole. "Chombo kikizama, serikali itume watu ng'ambo. Kila abiria atafutwe kwa jina, mpaka ndani ya kambi za wakimbizi. Siku hizi mtu akivuka hatujui kama kavukia arusi au kavukia waasi. Na tukijua ni waasi, nyumba yake itatujibu."

Watu walijua jinsi nyumba zinavyojibu. Kule mtaa wa Kamenge kulikuwa na safu nzima za kuta zisizo na mabati wala wenyewe.

"Halafu," Astère aliendelea, "ni arusi gani hiyo isiyoalika mzee hata mmoja?"

"Wazee tulibakia kulinda sufuria, shefu," alisema Twalibu, fundi wa magari. Vicheko viwili vitatu vilichomoza, vikafa.

Astère hakucheka. "Mimi nimekulia mtaa huu. Mtu wenu akipotelea majini, mnamsalia msikitini hata kama mwili haupo. Hawa mbona hamjawasalia?"

Kwa mara ya kwanza Amur aliinua uso.

Mwanamwema aliruka benchi, akamfikia Amur, akamzaba kofi lililosikika mpaka barabarani.

"Nimusalie nini?" alipiga kelele, amemkaba kola. "Unipe mwili, nimusalie! Mi nilizaa watoto, sikuzaa majina ya kusomwa musikitini! Madamu, andika. Kutafuta kunanisaidia nini? Ziwa hili halina chini. Watu wa serikali wataenda Kigoma, watakula samaki, watarudi wamenona, na mi nitabakia na kilio changu. Apana! Mi nataka huyu. Huyu alipe! Boti yake iuzwe!"

"Iuzwe!" ukumbi ulipokea. "Iuzwe!"

Adélaïde alizunguka meza, akamwondoa Mwanamwema mikono kwenye kola, kidole kimoja kimoja. Aliporudi kwenye kiti alijipangusa macho kwa leso. Alimnong'oneza Astère kwa Kifaransa. Astère aliutazama ukumbi wote uliokuwa ukilia, akainua mabega.

"Nasoma maoni yenu," Adélaïde alisema. "Mwenye chombo awajibike kwa kila abiria, kwa mali yake yote. Kifungu cha kutafuta ng'ambo kimeondolewa. Mnakubali?"

Mikono yote iliinuka.

"Bwana Amur, sheria hii ikipita bungeni, boti yako iliyobaki itauzwa ili hawa wafidiwe. Umesikia?"

"Nimesikia, madamu."

Gari la wizara liliondoka. Astère aligeuza shingo, akawaangalia kupitia kioo cha nyuma mpaka kona ikamficha. Watu walibaki wamesimama vilevile, kimya, mpaka mlio wa injini ulipopotea kabisa.

Mwanamwema alichovya ncha ya kitenge chake kwenye maji, akampangusa Amur shavu.

"Nisamehe, kaka yangu. Nilikuumiza?"

"Kidogo tu, mama Muadh. Habari zimenifikia leo: wamefika Kigoma wote, wazima. Muadh mwenyewe ndiye alishuka wa kwanza."

Mwanamwema alifumba macho, midomo ikitikisika bila sauti. Kisha akamsogelea sikioni.

"Basi na hii ingine uizamishe haraka, kabla hawajaiuza. Mi nimebakiza mutoto mumoja."