Laptopu Mbili Juu ya Kaunta

Mwanaidi aliingia dukani na chaja ya laptopu yake tu mkononi. Mwenye duka, Mbaraka, akamwekea laptopu mbili juu ya kaunta: moja nyembamba, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, na nyingine nyeusi isiyo na urembo, ya watu wa maofisini.

"Hii nyembamba wateja wanaigombania, dada. Ukiitia mkobani, utadhani umebeba daftari."

Mwanaidi aliupima unene wake kwa vidole viwili. "Ikikaa chini ya godoro, mtu akilala juu yake ataihisi?"

"Godoro tena? Kioo kitapasuka." Mbaraka alicheka peke yake. Akainyanyua ile nyeusi mpaka usawa wa kiuno, akaiachia. Ikadunda sakafuni. Aliiokota, akaifungua, ikawaka. "Ngumu ni hii. Kwani ile yako ya zamani ilipatwa na nini?"

"Ilianguka."

"Iliangukia wapi? Kwenye saruji?"

"Ukutani," alijibu Mwanaidi, kama anayetaja bei ya nyanya.

Mbaraka aliifuta ile nyembamba kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi, akairudisha kabatini bila kuambiwa.

Mwanaidi aliishika ile nyeusi kwa mikono miwili, akageukia ukuta wa nyuma wa duka.

"Naweza kuijaribu?"

Mbaraka aliutazama ukuta, kisha akamtazama yeye. Kiti cha wateja kilikuwa katikati. Alitoka nyuma ya kaunta, akakisogeza pembeni.