Mashine ya Maji

Muuzaji alieleza habari za diski, za mota na za dhamana, lakini mwanamke yule macho yake yalikuwa kwenye swichi tu.

Mashine mbili za kukatia vigae zilikaa juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi, ya mtu kuzunguka nayo chumba kizima. Nyingine ilikuwa ya mezani, ina trei ya maji chini na pampu ya kulowesha diski inapokata.

"Kazi yenyewe ni kubwa?" muuzaji aliuliza.

"Bafu moja la nyuma. Kuta na sakafu."

Kazi hiyo aliijua. Kabla ya kuolewa alikuwa fundi vigae pamoja na baba yake, na wateja walikuwa wakimgombea. Sasa ulikuwa mwaka wa nne hajabandika hata kigae kimoja. Mumewe hakutaka atoke nyumbani. Na bafu lilipoanza kubomoka, hakutaka pia fundi mwanamume aingie ndani. Ndiyo maana leo alikubali kumleta dukani. Mwenyewe alibaki garini, kioo amekiteremsha, macho mlangoni. Ndani alimtuma mama yake.

Mama mkwe alisimama hatua moja nyuma ya mkwewe, mikono mgongoni, kama askari wa lindo. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Mke akianika nguo, mama mkwe yuko kizingitini. Mke akijaribu kusemezana na jirani juu ya ukuta, mama mkwe anakohoa, na haipiti dakika mume anatokea. Walikuwa watu watatu nyumba nzima, simu moja, nayo ilikaa mfukoni mwa mume.

"Mwanangu kasema ndogo," alisema mama mkwe.

"Ndogo si mbaya, mama. Nyepesi, na inakata hata mviringo wa kupitisha bomba. Ila vumbi lake si mchezo. Na lazima uishike muda wote. Ukiachia kidole tu, inazima."

Mke alikuwa na swali moja la kuuliza, na halikutaka kutoka.

"Na hii ya maji?" Mama mkwe aliigonga trei kwa ukucha. "Mtu akibanwa na haja akaiacha, nayo itazima?"

"Hapana. Ukibonyeza mara moja inazunguka mpaka uizime mwenyewe."

"Kelele zake?"

"Nyumba nzima mtasikia, mama. Hapo sikudanganyi."

Amenusa, mke alijiambia. Atamwambia mwanawe kabla gari halijawaka.

Mama mkwe alimkazia macho kitambo, kisha akamgeukia muuzaji. "Funga ya maji. Mimi na vumbi hatupatani, kifua changu kibovu."

Garini mume alinuna. "Nilisema ndogo."

"Vumbi utalivuta wewe?" mama yake alimkata. "Endesha."

Kazi ikaanza. Mke alipima, akakata, akabandika, na mikono yake ikakumbuka kila kitu. Mume aliketi sebuleni, funguo za geti mfukoni, sikio bafuni. Mashine ikinyamaza zaidi kidogo alipiga kelele, "Fundi! Umelala?" Ikilia, alitulia na televisheni yake. Komeo la bafu alilikataza; mlango usifungwe kwa ndani hata mara moja.

Asichokijua ni kwamba mashine ilipokuwa ikilia, mke alikuwa dirishani na patasi. Alichimba plasta kuzunguka fremu ya nondo, kidogo leo, kidogo kesho, na kila jioni akaziba tundu kwa rojo jepesi lenye mchanga mwingi na saruji ya kuhesabu. Nje ya dirisha kulikuwa na kichochoro. Mwisho wa kichochoro, barabara. Ng'ambo ya barabara, mabasi.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Kila siku alileta chai, akaiweka juu ya boksi la vigae, akasimama kutazama. Siku ya tatu alikwenda moja kwa moja dirishani, akabonyeza lile rojo kwa kidole. Kidole kikazama. Alikitazama, akakifuta kwenye kanga, akatoka.

Usiku huo mke alikaa akingoja mlango wa chumba upigwe teke. Haukupigwa. Pengine mama mkwe alikuwa akingoja kumkamata hasa, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kungoja zaidi kusingesaidia kitu.

Kesho yake asubuhi aliweka maji kwenye trei, akabonyeza swichi, akaiacha mashine ikipiga kelele peke yake. Fremu ilitoka kwa mivuto miwili. Aliilaza sakafuni taratibu, akapindua ndoo, akapanda. Mguu wa kwanza ulikwisha kutoka pale mlango ulipofunguka.

Mama mkwe alisimama kizingitini. Aliitazama fremu, akaitazama mashine inayokata hewa, akamtazama mkwewe aliyekaa dirishani. Mke hakuweza kutoka wala kurudi.

"Mama!" mume aliita kutoka sebuleni. "Vipi huko?"

"Anakata!" alijibu kwa sauti kubwa, macho hayajamtoka mkwewe. "Kaa, usije kuloa bure!"

Kisha akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake, akalisukuma komeo mpaka mwisho. Alivua viatu, akakanyaga maji, akatoa chini ya kanga kifurushi cha nguo kilichofungwa kwa kamba, akampitishia dirishani.

"Kipokee, mwanangu," alimwambia sikioni, "halafu univute. Mimi nilianza kutafuta njia ya kutoka humu kabla wewe hujaolewa."